Kuhama Chuo cha Jamii Kwenda Chuo Kikuu Baada ya Mwaka Mmoja: Mwongozo Kamili kwa Walioko Texas

Kila mwezi wa Mei simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja kutoka kwa vijana wetu wanaosoma Houston, Dallas, Fort Worth na Austin. Kijana amemaliza mwaka wake wa kwanza katika chuo cha jamii (community college), amekubaliwa na chuo kikuu, nyumbani wameshapika pilau la kumpongeza, kisha inakuja barua ya pili inayomwambia kwamba kati ya krediti 30 (vipimo vya masomo ya chuo) alizozihangaikia, ni 17 tu zinazoingia kwenye shahada anayoitaka. Zilizobaki zimepokelewa, lakini zimewekwa kando kama masomo ya hiari ambayo shahada yake haiyahitaji.

Mwongozo huu umeandikwa kwa sababu ya kosa hilo. Krediti kupokelewa ni jambo moja, na krediti kuhesabiwa kwenye shahada yako ni jambo lingine. Tofauti hiyo huamuliwa mwezi wa Agosti, siku unapojiandikisha masomo ya kwanza, wala si Machi unapotuma maombi.

## Jipime kwanza: mwaka mmoja unakutosha?

Si kila mtu anafaa kuhama baada ya mwaka mmoja, na si kila jimbo linaruhusu kwa urahisi. Aliyeko California, kwa mfano, atakuta kwamba Chuo Kikuu cha California kinawapokea hasa wale wanaoingia mwaka wa tatu wakiwa na krediti 60 za mihula, hivyo mtu wa Los Angeles au Sacramento ni afadhali atulie amalize miaka miwili. Texas mlango uko wazi zaidi: UT Austin, ambacho ndicho chuo kinachotajwa sana na wazazi wetu, kinataka angalau krediti 24 zinazohamishika kabla ya kukufikiria kama mwanafunzi wa kuhamia.

Kuna jambo ambalo wengi hawalioni. Ukianza masomo Agosti na kutaka kuhama Agosti inayofuata, maombi yako yatasomwa kati ya Januari na Machi, wakati una alama za muhula mmoja tu. Kwa hiyo muhula wa kwanza hauna nafasi ya kuzoea mazingira, na matokeo yako ya sekondari bado yana uzito. Mwenye alama hafifu za sekondari ambaye anataka chuo chenye ushindani mkali hupata faida kubwa akikaa mwaka wa pili, kwa sababu alama nyingi za chuo hufunika zile za zamani. Ada ya chuo cha jamii nayo ni ndogo, na sioni aibu yoyote katika kuokoa pesa ya mwaka mmoja zaidi.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Viweke vyote kwenye folda moja ya kompyuta na nakala za karatasi kwenye bahasha moja.

- Hati ya kumaliza sekondari: diploma ya Marekani au GED (mtihani unaochukua nafasi ya diploma), au cheti cha KCSE, cha kidato cha nne na cha sita, au diplôme d'État ya Kongo. Cha nje mara nyingi huhitaji kutathminiwa na shirika lililo mwanachama wa NACES (muungano wa watathmini wa vyeti vya nje), kama vile WES au ECE.
- Transkripti (rekodi rasmi ya masomo na alama) ya kila chuo ulichowahi kuandikishwa, hata kama ulisoma somo moja ukaliacha, na hata kama ni masomo ya chuo uliyoyasoma ukiwa bado sekondari.
- Silabasi ya kila somo, katika faili la PDF.
- Mpango wa shahada wa fani yako kutoka kwenye tovuti ya chuo kikuu unachokitaka, ukiwa na mwaka wake.
- Kadi ya chanjo.
- Karatasi za uhamiaji: green card, I-94 (kumbukumbu ya kuingia nchini) au I-20 (hati ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni).
- Akaunti ya StudentAid.gov kwa wanaostahili msaada wa serikali kuu.

Angalia majina. Cheti cha Kenya kina majina matatu, green card ina mawili, na kile cha Kongo kimeanza na jina la ukoo. Wengine waliopitia kambini Nyarugusu au Kakuma waliandikiwa tarehe 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa, ilhali cheti cha shule kina tarehe nyingine. Tumia jina na tarehe zilizoko kwenye kumbukumbu zako za Social Security katika kila fomu, kisha ambatanisha maelezo mafupi kwa cheti kinachotofautiana. Nimeona transkripti ikikaa wiki sita bila kuunganishwa na maombi ya mwenyewe kwa sababu ya jina la babu tu.

Ikiwa hati ya sekondari ilipotea vitani au njiani, usisubiri. Iulize ofisi ya udahili kwa maandishi ni krediti ngapi zitakuondolea sharti hilo. Vyuo vingi havidai transkripti ya sekondari ukishafikisha idadi fulani ya krediti, na kwa wasiofikisha, GED huwa njia ya haraka kuliko kuandikia wizara ya mbali.

## Hatua ya 1: Chagua fani na vyuo viwili au vitatu (Juni hadi Agosti)

Usiseme "nitachukua masomo ya jumla kwanza, fani nitaijua baadaye". Kwa anayekaa miaka miwili kauli hiyo ina nafasi. Kwa anayekaa mwaka mmoja ndiyo inayomponza. Fungua mpango wa shahada wa kila chuo, uchapishe ukurasa wa mwaka wa kwanza, na uzungushie duara masomo yanayojirudia katika vyuo vyote ulivyochagua. Hayo ndiyo utakayoyasoma kwanza.

Dalili kwamba umefaulu: una karatasi moja yenye masomo nane hadi kumi, na kila somo lina sababu ya kuwepo.

## Hatua ya 2: Jifunze kusoma namba ya somo

Hapa ndipo penye siri yote, nami nakuomba usipite haraka. Vyuo vya jamii vya Texas hutumia mfumo wa pamoja wa namba za masomo, na vyuo vikuu vya umma huonyesha masomo yao yanalingana na namba ipi. Chukua ENGL 1301. Tarakimu ya kwanza, 1, inaonyesha ni somo la mwaka wa kwanza. Ya pili, 3, ni idadi ya krediti. Mbili za mwisho hulitambulisha somo lenyewe.

Tarakimu ya kwanza ikiwa 0, hilo ni somo la kukuandaa. Utalilipia, utalifanyia mtihani, lakini halihesabiwi kwenye shahada. Masomo mengi ya Kiingereza kwa wageni yana hali hiyohiyo. Usione haya kuyasoma ikiwa mtihani wa kujiunga, TSIA2, umekupeleka huko, ila yaondoe kwenye hesabu yako ya krediti 30.

Sasa tazama hesabu, kwa maana ndiko wengi wanakozama. Katalogi ina MATH 1314 ambayo ni aljebra, MATH 1324 ya wanafunzi wa biashara, MATH 1332 ya wale ambao fani zao hazina hesabu nzito, MATH 1342 ya takwimu, na MATH 2413 ambayo ni kalkulasi ya kwanza. Zote ni hesabu, na kila moja inaweza kutimiza sharti la hesabu katika masomo ya msingi, yale ambayo kila mwanafunzi huyasoma bila kujali fani. Lakini mwanafunzi wa uhandisi aliyechukua 1332 kwa sababu rafiki alimwambia ni rahisi, atapokelewa krediti zake 3 na kuambiwa aanze upya. Mimi mwenyewe nilifanya kosa la aina hii katika biolojia: nilichukua BIOL 1408, ya wasio wa sayansi, wakati fani yangu ilitaka BIOL 1406. Vitabu vilifanana hadi rangi ya jalada. Nilirudia muhula mzima nikimchora yuleyule amiba.

Kwa uhandisi, mpangilio wa kawaida ni MATH 1314, kisha 2412 ya kuandaa kalkulasi, kisha 2413. Anayeanzia 1314 atamaliza mwaka akiwa bado hajagusa kalkulasi, na vyuo vingi havitamwingiza moja kwa moja kwenye kitivo cha uhandisi. Huyo namshauri akae miaka miwili bila kujilaumu.

Baadhi ya vyuo hutenganisha nadharia na maabara, kwa mfano BIOL 1306 na BIOL 1106 badala ya 1406. Chukua vyote viwili. Nadharia bila maabara yake haikamilishi sharti.

Dalili kwamba umefaulu: mbele ya kila somo lako umeandika namba ya chuo cha jamii na namba inayolingana nayo ya chuo kikuu. Palipo na wazi, usijiandikishe mpaka umepata jibu.

## Hatua ya 3: Jiandikishe kwa mpangilio huu

Masomo ya msingi ya vyuo vya umma vya Texas ni krediti 42, na kila somo la msingi ulilofaulu husafiri nawe hata kama hujakamilisha kundi zima. Yasiyopotea hata ukibadili fani ni ENGL 1301 na 1302, HIST 1301 na 1302, GOVT 2305 na 2306, kwa kuwa sheria ya jimbo inamtaka kila mwenye shahada ya kwanza ya chuo cha umma awe amesoma krediti 6 za historia ya Marekani na 6 za serikali. Tahadhari: GOVT 2306 inahusu serikali ya Texas, hivyo ukipanga kuhamia Oklahoma au Minnesota, iache.

Panga krediti 15 Agosti na 15 Januari. Katika kila muhula changanya masomo mawili au matatu ya msingi na mawili ya fani: ACCT 2301 na ECON 2301 kwa biashara, CHEM 1411 na BIOL 1406 kwa sayansi.

Masomo yanayokwenda kwa jozi usiyakate katikati. Anatomia, BIOL 2401 na 2402, yasome yote mahali pamoja, na kemia vilevile, kwa sababu kila chuo hugawanya mada kwa namna yake na utajikuta umesoma moyo mara mbili na figo hujazisoma kabisa.

Neno kwa wanaolenga uuguzi, maana ni wengi katika jamii yetu. Cheti cha CNA, yaani cha msaidizi wa muuguzi, kitakupatia kazi, na kazi hiyo ni ya heshima, lakini mafunzo yake kwa kawaida hayahamii kwenye shahada ya uuguzi. Kadhalika masomo ya shahada za ufundi za miaka miwili, zile zinazoandikwa AAS. Muulize msajili kama somo ni la kitaaluma au la ufundi kabla ya kulipa. Ujue pia kwamba kukubaliwa na chuo kikuu si kukubaliwa na kitivo cha uuguzi. Hicho kina maombi yake.

Jihadhari na kuacha masomo. Katika vyuo vya umma vya Texas, mwanafunzi anaruhusiwa kuacha masomo 6 tu katika maisha yake yote ya shahada ya kwanza, na hesabu hiyo hukufuata uhamapo. Alama ya D nayo mara nyingi haihami, ingawa chuo chako kitakuambia umefaulu.

Dalili kwamba umefaulu: muhula wa kwanza umeisha ukiwa na krediti 12 hadi 15, hakuna W (alama ya somo lililoachwa), na hakuna alama chini ya C. Kwa vyuo vyenye ushindani, lenga wastani wa 3.5 au zaidi. Wastani huo mara nyingi hukufungulia pia uanachama wa Phi Theta Kappa, chama cha heshima cha wanafunzi wa vyuo vya jamii, na vyuo vikuu vingi vina ufadhili wa wanachama wake wanaohamia.

## Hatua ya 4: Zungumza na washauri wawili, kisha andika

Mshauri wa chuo cha jamii anajua namna ya kumaliza chuo cha jamii. Anayejua shahada ya chuo kikuu ni mshauri wa idara ya huko unakokwenda. Nenda kwa wote wawili, Septemba na tena Novemba kabla ya kujiandikisha muhula wa Januari.

Baada ya kila kikao andika barua pepe fupi: "Ahsante kwa muda wako. Nimeelewa kwamba MATH 2413 itahesabiwa kama kalkulasi ya kwanza katika shahada ya uhandisi wa umeme. Tafadhali nisahihishe kama nimekosea." Malezi yetu yanatufundisha kutomsumbua mkubwa kwa maswali, na hapa adabu hiyo inagharimu. Hakuna atakayekuona mkorofi kwa kutaka jibu la maandishi.

Dalili kwamba umefaulu: una majibu ya maandishi kuhusu kila somo la fani, si maneno ya ofisini tu.

## Hatua ya 5: Hifadhi silabasi kila wiki ya kwanza

Hii ni kazi ya dakika mbili. Pakua silabasi kabla mwalimu hajafunga ukurasa wa somo, na uipe faili jina lenye namba ya somo, muhula na mwaka. Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali ya Marekani, GAO, ilikadiria mwaka 2017 kwamba wanafunzi waliohama kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Silabasi yenye mada za kila wiki na jina la kitabu ndiyo silaha yako ya kudai krediti iliyokataliwa.

## Hatua ya 6: Tuma maombi (Oktoba hadi Machi)

Maombi hupitia ApplyTexas au Common App, kutegemea chuo. UT Austin hufunga dirisha la kuhamia kwa masomo ya Agosti mwanzoni mwa Machi, vingine huchelewa zaidi. Uliza pia krediti zinazotakiwa zinahesabiwa mpaka tarehe ipi, na kama masomo unayoendelea nayo yanaingia.

Anza na akaunti yako: faini ya maktaba au ya maegesho huweza kuweka zuio, na transkripti isitoke. Kisha agiza transkripti itumwe na chuo moja kwa moja, kupitia Parchment, National Student Clearinghouse au huduma nyingine ambayo chuo chako kinaitumia. Nakala uliyojipakulia mwenyewe hairuhusiwi kuwa ya mwisho.

Taja vyuo vyote ulivyopitia. Anayeficha chuo alichofeli hugunduliwa, na kuficha ni kosa kubwa kuliko kufeli.

Katika insha eleza kwa nini unahama, kwa mambo mahususi ya fani: maabara fulani, somo ambalo chuo chako hakina, mpango wa ualimu. Usikiseme vibaya chuo cha jamii. Wala usifikiri kwamba lazima uandike masaibu ya ukimbizi ili uhurumiwe. Yaandike ikiwa yanaeleza njia yako ya masomo, vinginevyo yaache.

Ada ya maombi ikikushinda, omba msamaha wa ada ndani ya fomu ileile.

Dalili kwamba umefaulu: ukurasa wako wa mwombaji unaonyesha kila hati imepokelewa. Barua pepe ya "asante kwa kuomba" si ushahidi wa hilo.

## Hatua ya 7: Hamisha msaada wa fedha

Fomu ya FAFSA, ya kuomba msaada wa fedha wa serikali kuu, haihami yenyewe. Ifungue na uongeze chuo kikuu kipya. Fomu ya mtandaoni hupokea hadi vyuo 20. Huwezi kupokea Pell, ruzuku ya serikali kuu kwa wenye kipato kidogo, katika vyuo viwili kwa muhula mmoja, kwa hiyo ukihama Januari kifute chuo cha zamani kwa muhula huo.

Kwa kawaida vyuo hudai ufaulu wa asilimia 67 ya krediti ulizojaribu, na W huhesabiwa kuwa ni jaribio. Wenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi wa kigeni, hawajazi FAFSA.

## Hatua ya 8: Kwa wenye viza ya F-1 pekee

Usiache chuo cha zamani kabla ofisa wa wanafunzi wa kigeni hajahamisha kumbukumbu yako ya SEVIS, mfumo wa serikali unaofuatilia wanafunzi wa kigeni. Mpelekee barua ya kukubaliwa, mkubaliane tarehe ya kuihamisha, na ujue kwamba baada ya tarehe hiyo chuo kipya ndicho chenye mamlaka juu ya I-20 yako. Masomo mapya lazima yaanze ndani ya miezi 5 tangu tarehe hiyo ya kuhamisha, na ujiripoti ndani ya siku 15 tangu tarehe ya kuanza programu.

Katika mwaka mzima baki na krediti 12 au zaidi kila muhula. Ni somo moja tu la mtandaoni linaloingia kwenye hesabu hiyo. Hulipi tena ada ya SEVIS kwa sababu ya kuhama.

## Hatua ya 9: Baada ya kukubaliwa

Kabla ya kulipa amana, omba tathmini ya krediti iliyopangwa ndani ya shahada yako, si orodha ya krediti zilizopokelewa. Somo lililoangukia kwenye hiari lidai mara moja: peleka silabasi kwa mwenyekiti wa idara husika, si kwa ofisi ya udahili, na uambatanishe ile barua pepe ya mshauri. Chuo cha umma cha Texas kikikataa kuhamisha somo la ngazi ya chini, omba sababu kwa maandishi.

Wastani wako wa alama kwa kawaida hauhami, krediti tu ndizo zinazohama. Utaanza na ukurasa mtupu, jambo linalomfurahisha mwenye 2.6 na kumuudhi mwenye 3.9.

Walio chini ya miaka 22 wanatakiwa na jimbo kuwa na chanjo ya homa ya uti wa mgongo, iliyochomwa ndani ya miaka 5 iliyopita na angalau siku 10 kabla ya muhula. Anayehama hasamehewi, na bila chanjo hiyo mfumo haukuruhusu kujiandikisha wakati wenzako wanajaza nafasi.

Mwezi wa Mei tuma transkripti ya mwisho, ukichagua itumwe baada ya alama za muhula kuingizwa. Wengi hubonyeza itumwe papo hapo, ikaondoka bila alama za Januari, na krediti 15 zikakosekana hadi Septemba.

Mwisho, ukiwa chuo kikuu na umefikisha krediti 60 au zaidi, uliza kuhusu kurudisha krediti. Chuo kikuu kitatuma transkripti yako kwenye chuo cha jamii ulichokiacha, na ukiwa umetimiza masharti yao utapewa ile shahada ya miaka miwili ambayo hukuisubiri. Mara nyingi unachotakiwa ni kujaza fomu ya ridhaa tu, nayo iko kwa msajili.